Watu 60 Sokoni: Miaka Yangu ya Kuhamisha Gemu Kwenda Mashine Ndogo

Mjomba wangu alikuwa na banda la gemu Ngamiani, Tanga: TV nne za kichogo, PlayStation 2 (PS2) nne, mabenchi ya mbao, na daftari la madeni lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Mechi moja shilingi 200. Mwishoni mwa 2013, nikiwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, akaleta diski ya gemu ya mpira, FIFA 14. Mwezi huohuo nikaenda Dar kwa mama mkubwa, nikaikuta FIFA 14 hiyohiyo kwenye PS3 ya binamu yangu. Jina ni lile, lakini kule nyasi zilikuwa nyasi na mashabiki walikuwa watu. Bandani kwetu uwanja ulikuwa zulia la kijani, na majukwaani kulikuwa kama kumebandikwa mabango.

Niliporudi nikamuuliza. "Mjomba, mbona ya kwetu mashabiki hawana uhai?"

"Mjomba," akanijibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana vivyo hivyo, "mashine hii ni ya mwaka 2000. Hao walioitengenezea gemu ya mwaka huu wana roho nzuri. Wangeweza kutusahau."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna mtu. Kwamba mahali fulani kuna aliyeketi na mashine yenye megabaiti 32 za RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), wakati wenzake wanaifanyia kazi PS3 yenye 256 za RAM na nyingine 256 za chipu ya michoro, akaamua watoto wa mabandani nao wapate mechi yao. Baadaye kazini nilielewa kwamba toleo lile la PS2 lilisimama juu ya msingi wake wa zamani. Halikuwa la PS3 lililopunguzwa. Hiyo ni njia mojawapo, gemu mbili zenye jina moja. Njia nyingine ni kuwa na gemu moja na kuikunja hadi ienee kila mashine. Hiyo ndiyo imekuwa kazi yangu tangu 2021, katika studio ndogo Malmö, kusini mwa Sweden, nilikobaki baada ya kumaliza shahada ya pili. Sisi hatubuni gemu. Tunaletewa za wengine, zinazokwenda vizuri kwenye mashine kubwa, tunaambiwa: zipelekeni kwenye ndogo.

Gemu ya kwanza niliyokabidhiwa siruhusiwi kuitaja kwa mujibu wa mkataba. Ilikuwa ya PS4, na tulitakiwa kuipeleka Nintendo Switch. Ni ya mwizi anayejificha ndani ya mji wa kale, na moyo wake ni soko. Ukikimbizwa na askari unaingia sokoni, unapunguza mwendo, unajichanganya na watu, askari wanakupoteza. Watu 60 sokoni. Nikwambie mapema kwamba hao watu 60 ndio walionifundisha kazi.

Kwanza tuelewane kuhusu muda. Gemu inayokwenda kwa fremu 30 kwa sekunde ina milisekunde 33.3 za kuandaa kila picha. Fremu 60, ni milisekunde 16.7. Katika muda huo prosesa inahesabu nani yuko wapi na anataka nini, chipu ya michoro inachora, na picha inatoka. Ikichelewa kidogo tu, runinga inarudia picha ya zamani na mchezaji anahisi pedi imekuwa nzito. Mashine dhaifu haipewi muda wa ziada kwa sababu ni dhaifu.

Na Switch ya kwanza, iliyotoka Machi 2017, ni mashine mbili ndani ya ganda moja. Ikiwa imepachikwa kwenye kituo chake na kuunganishwa na runinga, chipu yake ya michoro inakwenda kwa megahezi 768. Ukiichomoa ukaishika mkononi inashuka, mara nyingi hadi nusu ya hapo au chini zaidi, ili betri isiishe na vidole visiungue. Hata kasi ya kusoma RAM inashuka. Mchezaji anaweza kuichomoa katikati ya mapigano, na gemu haina ruhusa ya kusita.

Wiki za mwanzo nilijiona fundi, kwa sababu nilianza na sehemu inayokubali kupunguzwa, nayo ni picha. Wageni wakizidi unaongeza maji kwenye mchuzi. Wote watakula, utamu utapungua kidogo. Picha ya 1080p ina pikseli, yaani nukta za rangi zinazoiunda, 2,073,600. Ya 720p ina 921,600, chini ya nusu. Kazi nyingi ya chipu ya michoro hufuata hesabu hiyo karibu moja kwa moja, kwa hiyo ukishusha rezolusheni, yaani idadi hiyo ya pikseli, unapata nafuu siku hiyohiyo. Tukaiwekea gemu kipimo: kila fremu inajipima, ikiona inakaribia kuchelewa inapunguza pikseli, ikipata nafasi inaziongeza. Hakuna siri hapo. The Witcher 3 ilipofika Switch Oktoba 2019, ikiwa kwenye kadi ya gigabaiti 32, ilicheza kwa 720p inayopanda na kushuka kwenye runinga na 540p mkononi. Watu walicheza, wakalia na kucheka kwa hadithi ileile.

Tukaendelea. Vivuli vya mbali tukavisasisha mara moja kila fremu mbili badala ya kila fremu. Majani yaliyo mbali yakapungua. Mwanga uliokuwa ukihesabiwa papo hapo tukauhesabu mapema kwenye kompyuta zetu na kuuhifadhi tayari, kwa kuwa jua la mji ule halisogei. Tekscha, zile picha zinazobandikwa juu ya maumbo ili ukuta uonekane ukuta, tukazibana upya. Hapa Switch ilikuwa na neema yake: inaelewa mfumo wa kubana uitwao ASTC, ambao PS4 haiuelewi. Katika mfumo huo kila kipande huchukua baiti 16, na wewe ndiye unayechagua kipande kifunike pikseli ngapi. Nyuso za watu tulizipa vipande vya 4 kwa 4. Kuta na sakafu tukazipa 6 kwa 6, zikatumia nafasi isiyofika nusu ya ile ya nyuso. Nilikaa siku tatu nikilinganisha kuta. Kazi hiyo inachosha macho, lakini naipenda, kwa sababu ukiifanya vizuri hakuna atakayejua uliifanya.

Mwezi wa pili nikaingia sokoni, na nafuu zangu zote zikaisha.

Nilishusha rezolusheni hadi ikawa aibu kuitazama, na fremu ikabaki milisekunde 58. Nilizima vivuli vyote, ikabaki 57. Haikuwa chipu ya michoro iliyochelewa, ilikuwa prosesa. PS4 ina viini nane vya gigahezi 1.6, vichache vikishikwa na mfumo. Switch ina vinne vya takriban gigahezi 1, kimoja cha mfumo, vitatu vya gemu. Na watu 60 ni watu 60. Kila mmoja ana pa kwenda, anakwepa mwenzake, anageuza shingo ukimkanyaga, ana mifupa kadhaa inayopaswa kusogezwa. Mtu wa sokoni akichorwa kwa pikseli chache, mawazo yake hayapungui.

Nikafanya linalofanywa na kila mgeni wa kazi hii. Nikapunguza watu hadi 25, fremu ikatulia, nikatuma toleo kwa wenye gemu nikiwa na furaha. Jioni yake mbunifu mkuu akanipigia. Hakufoka. Aliniomba nicheze soko lile mwenyewe, nikimbizwe na askari. Nilicheza mara sita, nikakamatwa mara sita. Watu 25 si umati. Mwizi alikuwa amesimama peupe kama ng'ombe uwanjani. Nilikuwa nimetunza kuta za mji na kuua mchezo wenyewe.

Baada ya simu ile nilitembea kando ya bahari, na Malmö mwezi Novemba upepo wake unakata masikio. Nilimkumbuka mjomba na banda lake. Miaka yote ile sikuwahi kusikia mtoto akidai shilingi 200 zake kwa sababu ya nyasi. Niliwasikia wakidai pedi ikichelewa: "Nimepiga, mpira haujaenda!" Hapo mjomba alikuwa akitoa mechi ya bure bila kubishana. Alijua kinachouzwa pale ni nini. Mimi nilikuwa sijajiuliza gemu hii inauza nini.

Kesho yake tukaanza upya, safari hii na wabunifu mezani. Tukawagawa watu wa sokoni. Walio mita chache kutoka kwa mwizi walibaki na akili zao zote. Wa mbali kidogo mifupa yao ikasogezwa mara moja kila fremu tatu, na kwa umbali ule jicho haligundui. Waliofichwa na kuta hawakusogezwa kabisa. Mfumo ulikumbuka tu wangekuwa wapi. Kukwepana, kulikokuwa kukihesabiwa na kila mtu peke yake, kukawa ramani moja ya njia inayosomwa na wote. Na ili watu 60 wabaki, tukatoa kafara vingine: vitambaa vya mabanda vikaacha kupepea kwa kuhesabiwa, vyungu vikaacha kuvunjika vipande ishirini vikawa vinavunjika vitano, na mto wa pembeni ukaacha kuakisi mji. Nilisikitika sana kuhusu ule mto. Msanii aliyeutengeneza aliuona ukizimwa na akasema sawa. Fremu ikafika milisekunde 32. Mwizi akajificha.

Tangu hapo kila gemu inayoletwa naitazama kwa macho mawili. Kuna kinachokubali kupungua: pikseli, vivuli, majani, umbali. Na kuna kisichokubali, kwa sababu ndicho sheria ya mchezo: idadi ya maadui, vitu vinavyodondoka na kubaki pale vilipodondoka, wachezaji wangapi wako wapi kwa wakati mmoja. Ukisikia kwamba mashine moja ina uwezo mara tatu ya nyingine, uliza ni uwezo wa nini. Hesabu za teraflopu, yaani matrilioni ya hesabu kwa sekunde, zinasemea chipu ya michoro, yaani sehemu ambayo tayari ina nafuu.

RAM iko upande wa visivyokubali. Nitasimulia kosa letu, maana lilituchelewesha wiki tano.

Mashine za majaribio wanazopewa watengenezaji mara nyingi huwa na RAM zaidi ya zile za dukani, ili programu za kupimia zipate pa kukaa. Tulijua. Lakini tarehe zilitubana, na timu nzima ilizoea kujaribu kwenye hizo. Toleo la mwisho likatumwa kukaguliwa, likarudishwa: gemu inazima yenyewe baada ya dakika 40 hivi. Tukaleta mashine ya kawaida, tukacheza kwa zamu. Kweli. Mtu akizungukazunguka mjini muda mrefu kisha akatoka sokoni kwenda bandarini, skrini inakuwa nyeusi.

Cha ajabu, RAM haikuwa imejaa. Ilikuwa imekatikakatika. Kila ulipoingia mtaa mpya, vitu vya zamani vilitolewa na vipya kuwekwa, na mianya ikabaki katikati: megabaiti 3 hapa, 5 pale. Bandari ilihitaji 40 zilizoshikana. Ni kama daladala yenye viti sita vitupu, kila kimoja na pembe yake, na mama mwenye watoto watano wanaotaka kukaa pamoja. Kwenye mashine ya majaribio daladala ilikuwa basi, hatukuona tatizo. Tulichofanya ni kuipa kila sehemu ya mji bloku lake la kudumu. Unapoingia, bloku zima linafutwa na kujazwa upya. Kujaza kunahitaji sekunde chache, basi wabunifu wakarefusha kichochoro kati ya soko na bandari. Mchezaji anatembea pale akidhani anatazama mlango wa kuchongwa, kumbe bandari inajengwa mbele yake.

Samaki hukunjwa angali mbichi, na sisi huyu tulitaka kumkunja akiwa ameshakauka. Siku hizi mashine ya dukani iko mezani kwangu tangu juma la kwanza.

Ndiyo maana niliifuatilia gemu ya Baldur's Gate 3 kama watu wanavyofuatilia kesi mahakamani. Ilitoka kwenye kompyuta Agosti 2023, PS5 Septemba, na wenye Xbox wakaambiwa wasubiri. Xbox Series X ina gigabaiti 16 za RAM. Ndugu yake mdogo, Series S, ana 10, na si zote ni za gemu. Kilichokwama hakikuwa uzuri wa picha. Ilikuwa ni kugawa skrini kwa watu wawili. Fikiri: mmoja yuko shimoni, mwingine yuko mjini, na mashine inapaswa kushika sehemu zote mbili kwa pamoja, na watu wake, na milango yake, na kila kikombe kilichohamishwa. Huwezi kuongeza maji hapo. Mwishowe Larian, studio iliyoitengeneza, walikubaliana na Microsoft, watengenezaji wa Xbox, gemu ikafika Xbox Desemba 2023 bila skrini ya kugawana kwenye Series S, na huduma hiyo ikaongezwa Aprili 2025. Wengi waliilaani mashine ndogo. Mimi nilifurahi kwamba walirudi. Miezi 16 ni muda mrefu kwa studio iliyokwishauza gemu yake. Wangeweza kuwasahau wenye Series S, na hawakuwasahau.

Cyberpunk 2077 ni mfano mwingine wenye uchungu. Ilitoka 10 Desemba 2020, na hali yake kwenye PS4 ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni ndani ya takriban wiki moja. Ilirudi Juni 2021. Watu hudhani tatizo la PS4 ni picha tu. Lakini mji unaokimbia ndani yake kwa gari lazima usomwe kutoka kwenye diski kadiri unavyokwenda, na diski ya PS4 ni ile ya kuzunguka, ya kasi ya chini. PS5 inasoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde. Ukiendesha gari kwa kasi kuliko diski inavyosoma, barabara inakosa magari na ukuta unakuja bila sura. Hakuna kupunguza vivuli kutakakoponya hilo. Juni 2025 gemu hiyohiyo ilikuwapo siku Switch 2 ilipoanza kuuzwa, mashine ya kushika mkononi yenye gigabaiti 12 za RAM na hifadhi ya kasi. Michoro inapikwa kwa rezolusheni ndogo kisha inakuzwa na mfumo wa DLSS uliofunzwa kubahatisha pikseli zinazokosekana. Nilipoiona ikienda mkononi nilimpigia simu mfanyakazi mwenzangu usiku.

Kuhusu kwenda juu, kwenye mashine zenye nguvu kupindukia, nina machache. Si kazi rahisi kama inavyodhaniwa, lakini makosa yake husamehewa.

Mwaka jana nilikwenda Tanga likizo. Banda halipo, kuna duka la vifaa vya simu. Mjomba amezeeka, sukari imemdhoofisha miguu. Nilikuwa na Switch begini, nikamwekea ile gemu ya mwizi. Aliishika muda mrefu bila kucheza, akiipima uzito.

"Hii ndiyo uliyoitengeneza?"

"Sikuitengeneza mjomba. Niliihamisha tu, ilikuwa ya mashine kubwa."

Akaingia sokoni. Vidole vimekuwa vizito, lakini bado anajua pedi. Askari wakamfuata, akapunguza mwendo katikati ya wauza samaki, wakampita. Akacheka kwa sauti hadi shangazi akaja kuchungulia mlangoni. Hakuuliza lolote kuhusu mto.

Nimerudi kazini, na tumeletewa gemu mpya. Ina stesheni ya treni yenye abiria 90, na nimeshawauliza wabunifu: stesheni ikiwa tupu, gemu inakufa? Wamesema inakufa. Ijumaa tuliiwasha kwa mara ya kwanza kwenye mashine ndogo ya dukani, si ya majaribio. Ikaenda kwa milisekunde 41, na inatakiwa iwe chini ya 33.3. Kuna kioo kikubwa kwenye dari ya stesheni kinachoakisi kila kitu kilicho chini yake. Jumatatu nitaongea na aliyekitengeneza.